Menyu ya picha inapogoma: dalili, chanzo na dawa yake

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale alinipigia simu asubuhi. Nilikuwa nimemtengenezea tovuti ambayo menyu yake ni ramani ya kisiwa cha Mombasa: ukigusa Ngomeni unaona vyumba, ukigusa Likoni unapata maelezo ya kuvuka kwa feri kwenda pwani ya kusini, ukigusa Changamwe unaelekezwa namna ya kuja kutoka uwanja wa ndege. "Mwanangu," akaniambia, "nabonyeza Ngomeni, nafunguliwa habari za uwanja wa ndege. Mgeni akiona hivi ataniamini vipi na chumba chake?"

Kwenye kompyuta yangu ramani ilifanya kazi vizuri. Nikaenda kwake, nikamwamkia, nikaketi barazani na kuishika simu yake mwenyewe. Kosa likaonekana papo hapo. Tangu siku hiyo naandika kila dalili ninayokutana nayo, na hapa nazipanga kwa ajili ya yeyote anayetengeneza menyu za picha kwa wateja ambao wengi wao hawafungui tovuti kwa kompyuta. Wana simu, kidole gumba na bando.

Kabla hujabadilisha hata mstari mmoja, mwulize anayelalamika: picha haionekani, au inaonekana lakini haijibu, au inajibu visivyo? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haigusi jingine. Kisha omba uione simu yenyewe ikiwezekana. Chrome na Firefox zina sehemu ya kuigiza skrini ya simu ukibonyeza F12, nami naitumia kila siku, lakini haikuonyeshi jua la saa sita linavyopiga kwenye kioo wala uzito wa intaneti ya mteja.

Picha haionekani kabisa

Mara nyingi chanzo ni jina la faili. Kompyuta ya Windows haitofautishi `Ngomeni.PNG` na `ngomeni.png`, seva nyingi za tovuti zinatumia Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Ndiyo maana menyu inang'aa mezani kwako na kutoweka baada ya kupakiwa. Mimi sasa naandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, na vistari badala ya nafasi. Tabia hiyo peke yake imenipunguzia simu za malalamiko.

Jina likiwa sahihi, angalia njia. Ukikuta `file:///` au `C:\` ndani ya msimbo, picha inatafutwa kwenye diski yako, na mgeni wa Kisauni hana diski yako. Halafu angalia mwanzo wa anwani: tovuti ikiwa ya `https` na picha inaitwa kwa `http`, kivinjari cha sasa kitajaribu kuipandisha iwe `https`, na ikishindikana picha haiji.

Ukitaka kuacha kubahatisha, bonyeza F12, fungua sehemu ya mtandao, kisha upakie ukurasa upya. Namba 404 maana yake faili haipo pale ilipoitwa. Namba 403 maana yake ipo, ila seva imekataa kuitoa, na hapo kagua ruhusa za faili au folda.

Kuna hali moja haina matengenezo. Biashara kadhaa za utalii pwani ziliwahi kulipia menyu za Flash, zile zenye mashua inayopita na mawimbi yanayocheza. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake kuchezwa. Mteja akikuonyesha sanduku la kijivu mahali palipokuwa na menyu, mwambie ukweli kwamba inajengwa upya, usimlipishe saa za kutafuta kosa ambalo halipo.

Umerekebisha, lakini mteja bado anaona ile ya zamani

Hiyo ni kashe, nakala ya zamani ambayo kivinjari kimeihifadhi. Kwenye kompyuta Ctrl+Shift+R humaliza. Kwenye simu ya mteja usimsumbue na mipangilio. Badilisha jinsi faili inavyoitwa, mfano `menyu.css?v=2`, na kivinjari kitaichukua kama faili mpya.

Unagusa pahala hapa, unapelekwa kwingine

Huu ndio ugonjwa wa yule mama, na nitakaa nao kidogo kwa sababu unawapata wengi wanaotumia ramani ya picha ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), ile ya tagi, yaani alama za msimbo, za `map` na `area`.

Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 1200 na kimo cha 800. Sehemu mbili nilizichora hivi, duara kwa kitovu na nusu kipenyo, mstatili kwa pembe mbili zinazokabiliana:

`area shape="circle" coords="780,520,30"` kwa Ngomeni
`area shape="rect" coords="120,80,340,260"` kwa Changamwe

Kwenye skrini yangu picha ilionekana kwa upana wake kamili, kwa hiyo namba zilikutana na mchoro. Simu ya mama ina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa. Nilikuwa nimeandika `max-width: 100%` ili picha isitoke nje ya skrini, ikapungua hadi asilimia 30 ya ukubwa wake. Zidisha: 780 kwa 0.3 ni 234, na 520 kwa 0.3 ni 156. Ngomeni anayoiona mama ipo 234,156.

Picha ilipungua, namba hazikupungua. HTML haizibadilishi `coords` kufuata ukubwa mpya wa picha. Kwa kivinjari, Ngomeni bado ipo 780,520, nje kabisa ya skrini ya simu. Na pale 234,156 kuna nini? Tazama mstatili wa Changamwe: unaanza 120 hadi 340 kwa upana, na 80 hadi 260 kwa kimo. Kidole cha mama kilitua katikati yake. Simu ilifanya sawasawa na nilivyoiandikia.

Kuna skripti za kuzipiga hesabu upya namba hizo kila skrini inapobadilika, na zinafanya kazi. Ushauri wangu ni kuachana na njia hiyo na kuchora menyu kwa SVG, picha inayoandikwa kama maumbo badala ya pikseli. Ndani ya SVG unaandika `viewBox="0 0 1200 800"`, kila umbo unalifungia ndani ya tagi ya `a`, na picha ikipungua maumbo yote yanapungua pamoja na viungo vyake. Ramani ya mama niliihamishia huko kwa kazi ya alasiri moja.

Hata hivyo, usisahau ukubwa wa shabaha. Duara langu la nusu kipenyo 30 lilibaki pikseli 9 kwenye simu, yaani upana wa 18. Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kufanya tovuti zitumiwe na watu wote hata wenye ulemavu, unataka shabaha isipungue pikseli 24 kwa 24 katika kiwango cha AA, na 44 kwa 44 katika kiwango cha AAA. Google inawashauri watengenezaji wa Android wafike 48. Kidole gumba cha mtu aliyesimama ndani ya matatu inayopita Darajani hakina utulivu wa mshale wa kipanya. Kisiwa chetu ni kidogo, na Ngomeni, Marikiti na Mama Ngina kwenye ramani ya simu zinabanana. Basi usizibanie zote humo. Chora maeneo makubwa machache, na yaliyo ndani yake yaorodheshe kwenye ukurasa unaofuata.

SVG ipo, inapendeza, lakini haijibu

Kuna sababu nne, nazo hazifanani.

Ya kwanza, umeiweka kwa tagi ya `img`. SVG iliyoingia kwa njia hiyo inachukuliwa kama picha ya kawaida, na viungo vyake vya ndani vinakufa. Bandika msimbo wenyewe wa SVG ndani ya HTML, au tumia tagi ya `object`.

Ya pili imenipotezea siku nzima wakati mmoja. Umbo lenye `fill="none"` halisikii mguso katikati yake, linasikia kwenye mstari wa ukingo tu. Kwa jicho ni eneo zima. Kwa kivinjari ni waya mwembamba. Weka `fill="transparent"`, au ongeza `pointer-events: all`, na katikati itaamka.

Ya tatu ni maandishi. Umeandika neno "Nyali" juu ya umbo, na neno hilo liko nje ya tagi ya `a`. Watu hugusa maneno, hawagusi nafasi tupu iliyo kando ya maneno, na hapo mguso unaishia kwenye neno lisilo na kiungo. Lihamishe liingie ndani ya `a` pamoja na umbo lake.

Ya nne ni picha kutokuwa na `viewBox`. Hapo dalili ni tofauti kidogo: ramani haipungui, inakatwa, na Nyali yote inabaki nje ya ukingo wa kulia.

Menyu ndogo haifunguki kwa kidole

Umeitegemea `:hover`. Mshale wa kipanya unaweza kuelea juu ya kitufe bila kukibonyeza, kidole hakiwezi. Simu nyingine hufungua menyu kwa mguso wa kwanza na kufuata kiungo kwa wa pili. Nyingine hufuata kiungo moja kwa moja, na menyu ndogo haionekani kamwe. Mteja atakwambia "haina kitu ndani", nawe utakuwa unavitazama vitu vyote kwenye kompyuta yako.

Fanya kitufe kiwe kitufe kweli, tagi ya `button`, kifungue na kufunga kwa kubonyezwa, na `aria-expanded` ibadilike pamoja nacho. Ukitaka njia isiyohitaji skripti hata moja, `details` na `summary` zinafungua na kujifunga zenyewe. Mapambo ya kuelea yaweke ndani ya `@media (hover: hover)` ili yawafikie wenye kipanya peke yao.

Kumbuka pia Opera Mini, kivinjari cha simu cha kubana data. Ukitumia hali yake ya kubana data zaidi, ukurasa hutayarishwa kwenye seva za Opera kisha simu ikaletewa matokeo yaliyopunguzwa, na skripti zinazosubiri mwendo wa kidole huwa hazifanyi kazi ipasavyo. Mtu anayebana bando ni mteja kama mwingine. Chini ya kila menyu ya picha naweka mstari wa viungo vya maandishi: Vyumba, Bei, Kufika, Mawasiliano. Picha ikigoma, yeye hagomi.

Inafunguka, kisha inatoweka ukiifuata

Hii ni ya wenye kompyuta. Kati ya kitufe na menyu ndogo kuna upenyo, pengine pikseli tano tu zilizotokana na `margin-top`. Mshale ukipita juu ya upenyo huo umeshatoka kwenye kitufe na haujaingia kwenye menyu, na menyu inajifunga. Ondoa `margin`, weka `padding` ndani ya menyu yenyewe: macho yataona nafasi ileile, mshale hautaona shimo. Menyu ikiwa pana na watu wanaifuata kwa mshazari, chelewesha kufunga kwa milisekunde 200 au 300.

Inafunguka nyuma ya picha nyingine

Wengi hukimbilia `z-index: 9999`, namba ya kuamua kipi kikae juu ya kingine, ikikataa wanaongeza tisa nyingine. Kwanza hakikisha kitu hicho kina `position` isiyo `static`, au kimo ndani ya flex au gridi, maana bila hivyo `z-index` haisomwi.

Kama bado, fikiria duka la leso Biashara Street. Leso zimefungwa marobota, robota juu ya robota. Ukiipandisha leso hadi juu kabisa ndani ya robota la chini, bado iko chini ya robota la juu. Ndivyo kivinjari kinavyopanga. Mzazi mwenye `transform`, `filter`, au `opacity` iliyo chini ya 1 amefunga robota lake mwenyewe, na `z-index` ya watoto wake inahesabiwa humo ndani tu. Usiipandishe leso, lipandishe robota. Mpe mzazi `z-index`, au mwondolee ile `transform` kama ni ya urembo tu.

Menyu ikiwa haifichwi nyuma bali imekatwa kama kwa mkasi, tafuta `overflow: hidden` kwa mmoja wa wazazi wake. Na ukiona menyu ya `position: fixed` inapanda na kushuka na ukurasa badala ya kutulia, mzazi mwenye `transform` ndiye chanzo tena.

Kila kitu ni kidogo, kama kinaonekana kutoka ng'ambo ya kivuko

Tagi ya `viewport`, inayoiambia simu ukurasa uwe na upana gani, haipo. Bila hiyo simu nyingi huupanga ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana uingie. Mstari mmoja kwenye `head` unatosha: `meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1"`. Usiongeze `user-scalable=no`. Mzee anayetaka kuikuza ramani aweze kuikuza.

Kitufe kimekufa na konsoli ina maandishi mekundu

Konsoli ni sehemu ya F12 inayoandika makosa ya skripti. Soma maandishi hayo. Ukiona neno `null`, mara nyingi skripti yako imetangulia kumtafuta mtu ambaye hajafika: imeendeshwa kabla kivinjari hakijasoma HTML ya menyu. Ongeza `defer` kwenye tagi ya `script`, au ihamishe mwisho wa `body`. Kama neno si `null`, linganisha `id` ya kwenye HTML na ile ya kwenye skripti herufi kwa herufi.

Inachelewa, na ikifika ukurasa unaruka

Menyu moja niliyoletewa niitengeneze ilikuwa picha ya megabaiti 4, iliyotolewa moja kwa moja kwenye kamera na kupunguzwa kwa CSS. Kupunguza kwa CSS hakupunguzi bando. Simu inapakua yote kisha inaibana. Pikseli zipunguze kabla ya kupakia, picha za kamera zihifadhi kwa WebP, michoro iwe SVG.

Kuruka nako kuna madhara yake. Mgeni anaanza kusoma, picha inafika, maandishi yanashuka, na kidole kilichokuwa kinakwenda kwenye "Bei" kinatua "Mawasiliano". Andika `width` na `height` kwenye tagi ya picha ili kivinjari kiitengee nafasi tangu mwanzo. Na menyu iliyo juu ya ukurasa usiiwekee `loading="lazy"`; hiyo ni ya picha za chini.

Mteja anasema haoni kilichochaguliwa

Toka nje na simu. Mimi huenda nayo mpaka kwenye foleni ya feri Likoni, saa sita, jua likiwa utosini. Kijani hafifu juu ya buluu ya bahari, rangi iliyopendeza chumbani, inayeyuka kabisa pale. Maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa rangi wa angalau 4.5 kwa 1, na vivinjari vina kipimo chake ndani ya zana za F12. Sehemu iliyochaguliwa usiionyeshe kwa rangi peke yake: iongezee mstari mnene wa ukingo au alama, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Anayesikiliza simu haambiwi kitu

Washa TalkBack, kisoma skrini kwa sauti, kwenye Android, zima mwanga wa skrini, pitisha kidole kwenye menyu yako. Ukisikia jina la faili, au neno "kiungo" likirudiwa mara sita bila kuambiwa ni cha wapi, asiyeona hana menyu kabisa. Kila `area` inahitaji `alt` yake, yaani maelezo ya maneno. Kwenye SVG, weka `aria-label` kwenye tagi ya `a`: "Vyumba, karibu na Ngomeni", si "Ngomeni" pekee, maana msikilizaji haioni ramani na jina la mtaa halimwelezi atakachokikuta.

Kisha rudi kwenye kompyuta, weka kipanya kando, na upite kwa kitufe cha Tab. Kila mguso wa Tab uonyeshe wazi uko wapi. Kama mzingo wa kuonyesha mahali umefutwa na `outline: none`, urudishe. Kama Tab inarukaruka, kutoka Likoni hadi Nyali halafu Changamwe, panga upya mistari ya SVG yako, kwa sababu Tab inafuata mpangilio wa msimbo na haijui ramani. Ya yule mama inaanzia Ngomeni kwenye vyumba, inafuata Changamwe na uwanja wa ndege, kisha Likoni. Alichagua mpangilio huo mwenyewe, kwa kufuata maswali ambayo wageni humwuliza kwanza kwenye simu.